Kumfundisha Kwata Mtu wa Pikseli

Kila aliyepata kuwa kuruta anajua kwamba kutembea si jambo dogo kama raia wanavyodhani. Aliingia kambini akiwa ametembea maisha yake yote, na siku ya kwanza uwanjani akaambiwa kwamba hajui kutembea. Mara mkono wa kulia ukatoka pamoja na mguu wa kulia, magoti yakakaza kama vijiti, na mwenzake wa nyuma akamkanyaga kisigino. Ikachukua siku nyingi na jasho jingi kabla sajini hajaridhika. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi habari za watu wengine ambao nao hufundisha kwata, ila kuruta wao hana nyama wala mifupa. Yeye ni mtu mdogo wa rangi aishiye katika kioo cha kompyuta, yule ambaye watoto wetu humkimbiza huku na huko katika michezo yao hadi usiku wa manane.

Yafaa kwanza tueleze ameumbwa kwa nini. Kioo cha kompyuta au cha televisheni kimegawanywa katika vipande vidogo sana vya mraba viitwavyo pikseli, na kila kimoja huonyesha rangi moja tu kwa wakati mmoja. Wasomaji waliopata kulinda uwanja siku ya sherehe za taifa wamewaona vijana wa halaiki waliopangwa jukwaani, kila mmoja ameshika kadi ya rangi. Kijana mwenyewe haoni kitu isipokuwa kadi yake na kisogo cha mwenzake, bali mgeni aliyeketi upande wa pili huona bendera nzima. Pikseli ni kadi hiyo. Naye mchoraji wa michezo hii ni kama mtu aliyepewa vijana mia mbili au mia tatu tu, akaamriwa awapange hata ionekane sura ya mtu, kisha awageuzishe kadi zao hata mtu huyo aonekane anatembea.

Zamani uchache huo ulikuwa ni lazima. Katika mchezo wa Space Invaders, uliotengenezwa na Bwana Tomohiro Nishikado wa Japani mwaka 1978, kila adui alikuwa na picha mbili tu zilizopokezana, miguu ndani, miguu nje, na kwa picha hizo mbili kikosi kizima kilishuka kuwavamia wachezaji duniani kote. Mwaka 1981 Mjapani mwingine, Bwana Shigeru Miyamoto, alimchora fundi mdogo katika mchezo wa Donkey Kong, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Mario. Mavazi ya Mario yatufundisha mengi. Alivikwa kofia kwa sababu nywele zilikuwa taabu kuchora kwa pikseli chache, akapewa masharubu ili pasiwe na haja ya mdomo, na akavishwa ovaroli ili mikono yake iwe na rangi tofauti na kiwiliwili, ipate kuonekana inapopungwa. Wengi hudhani mtu huyo alivaa hivyo kwa kupenda. Kumbe alivaa hivyo ili aweze kutembea! Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Mario mdogo alikuwa na upana wa pikseli 16 na kimo cha pikseli 16, na mwendo wake wote ulikuwa picha tatu.

Siku hizi kompyuta zina nguvu nyingi, wala hapana anayelazimishwa kuchora kwa uchache huo. Hata hivyo sanaa yenyewe haikufa. Mmarekani Bwana Eric Barone alikaa peke yake zaidi ya miaka minne akichora, akitunga muziki na kuandika programu ya mchezo wa Stardew Valley uliotoka mwaka 2016, na watu wake wote ni wa pikseli. Kijana mwenye kompyuta kuukuu aweza kuanza kazi hii bila mtaji mkubwa, na ndiyo sababu tukaona jambo hili lastahili nafasi katika ukurasa huu.

Sasa tuingie katika kutembea kwenyewe. Watu wa kwanza kuchunguza mwendo kwa picha walisaidiwa sana na wanyama na askari. Mwaka 1878, huko Palo Alto, Marekani, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, akathibitisha kwamba farasi akimbiapo hufika wakati ambapo miguu yote minne imeacha ardhi. Miaka minne baadaye, Dakta Étienne-Jules Marey wa Ufaransa alipewa uwanja pembeni mwa jiji la Paris, ambako yeye na msaidizi wake Georges Demenÿ waliwatembeza watu mbele ya kamera. Miongoni mwao walikuwamo askari wa chuo cha mazoezi ya viungo cha jeshi kilichokuwa Joinville. Marey alimvisha mtembeaji nguo nyeusi tupu, akamshonea mistari myeupe kufuata mikono na miguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi. Katika picha mtu akatoweka, ikabaki mistari tu, ikifunguka na kufunga kama upepeo. Mistari ile ndiyo babu wa mtu wa pikseli.

Uchunguzi huo ulikuwa na upande wake mbaya, na hatuoni sababu ya kuuficha. Mwaka 1895 Dakta Félix Regnault alipiga picha za mwendo wa Waafrika wa Magharibi waliokuwa wameletwa Paris ili watazamwe katika maonyesho. Yeye na ofisa mmoja wa jeshi aliyeitwa de Raoul waliwahimiza askari wa Ufaransa watembee kwa kukunja magoti na kuinamia mbele, ili wasichoke upesi. Hivyo mwendo wa Mwafrika ulisomwa kwa makini kama kitabu, wakati mwenye mwendo amewekwa uani kama kitu cha kuangaliwa.

Je, ni kwa nini mistari michache itoshe? Jibu zuri kupita yote lilitoka Uswidi mwaka 1973. Mwanachuoni Gunnar Johansson aliwafunga watu taa ndogo penye viungo vyao, mabegani, viwikoni, magotini na vifundoni, akawatembeza gizani. Taa zilipotulia, watazamaji waliona vinukta visivyo na maana yoyote. Mara tu taa zilipoanza kwenda, kila mtu alitambua kwamba ni binadamu anayetembea, na alitambua katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1977 wachunguzi wawili wa Marekani, Cutting na Kozlowski, waliendelea mbele zaidi, wakaona kwamba watu waweza hata kumtambua rafiki yao kwa taa hizo, ingawa si kila mara. Ndugu zetu polisi hawatastaajabu. Konstebo wa doria humjua mtu wa mtaani mwake kwa mwendo kabla hajauona uso.

Basi hapo ndipo ugumu wa kazi unapotokea. Jicho la binadamu limeangalia watu wakitembea tangu utotoni. Ukilipa vinukta kumi vilivyo mahali pake litaamini, lakini kinukta kimoja kikikosea litakataa, hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kosa liko wapi.

Mchoraji humfundisha mtu wake kama sajini anavyoanza na kuruta: kwa kupiga hatua papo hapo bila kwenda mbele. Huchora mfululizo wa picha ambamo mtu yuko mahali pamoja, miguu ikipishana, na picha ya mwisho ikirudi kuungana na ya kwanza. Mzunguko huo hurudiwa bila kikomo, na kazi ya kumsogeza mtu mbele huachiwa programu. Kwa kawaida picha nane hutosha, nne kwa kila hatua.

Katika picha ya kwanza kisigino cha mbele kinagusa ardhi, na vidole vya mguu wa nyuma bado havijaondoka, miguu imefunguka kama bikari. Katika ya pili wayo wote umelala chini, goti limekunjika kidogo kupokea uzito, na kichwa kimeshuka. Hapa ndipo mikono hufika mbali kabisa, mkono wa kushoto ukienda na mguu wa kulia. Katika ya tatu mguu wa chini umenyooka, wa pili unapita kando yake goti likiwa limekunjwa, na kichwa kimepanda. Katika ya nne kisigino cha mguu wa chini kinainuka na mwili unasukumwa mbele. Kisha mambo hayo hayo hurudiwa kwa mguu wa pili.

Wanafunzi wengi wa kazi hii huchora miguu vizuri sana, wakausahau uzito. Kiwiliwili chao hukaa palepale kama gunia lililotundikwa, miguu ikichezacheza chini yake, na mtazamaji huona mtu aliyeninginizwa kwa kamba. Dawa ni kukishusha kichwa na mabega katika picha mbili za kwanza na kukipandisha katika mbili zinazofuata. Lakini kwa kiasi gani? Hapa hesabu yatusaidia. Tuseme mtu wetu ana kimo cha pikseli 24. Ikiwa yeye ni mtu wa sentimita 175, kila pikseli ni kama sentimita 7. Mwili wa binadamu atembeapo kwa kawaida hupanda na kushuka sentimita 5 hivi tu. Kwa hiyo pikseli moja peke yake tayari imezidi kidogo, na yatosha. Mwenye kuweka pikseli mbili amemgeuza askari wake chura.

Mikono nayo ina dhiki yake. Katika eneo dogo namna ile, mkono wa mbele hupotea juu ya kifua na mguu wa kushoto hauonekani tofauti na wa kulia. Ndiyo maana wachoraji hupaka mkono na mguu wa upande wa mbali rangi iliyofifia zaidi. Hilo huleta faida nyingine: mtu anayetazamwa kutoka ubavuni aweza kuchorwa picha nne tu, kisha rangi zikabadilishana, zikapatikana nne zilizobaki.

Kisha kuna suala la kuteleza, na hapa tungependa wasomaji wetu wasimame pamoja nasi kidogo, maana nyinyi ndio wajuzi. Kwata ya mwendo wa haraka tuliyoirithi kwa Waingereza ni hatua 120 kwa dakika, na kila hatua ni inchi 30, yaani sentimita 76. Hatua 120 kwa dakika ni hatua mbili kila sekunde, nazo ndizo mzunguko mmoja kamili. Basi picha zetu nane zitapita katika sekunde moja bila kubaki wala kuzidi. (Hata wachoraji wa sinema za katuni wanaujua mwendo huu. Katika filamu ya picha 24 kwa sekunde, hatua ya picha 12 wao huiita mwendo wa gwaride.) Lakini sentimita 76 ni kama pikseli 10 za mtu wetu, na pikseli 10 zikigawanywa kwa picha nne za hatua moja, kila picha yapaswa kusogea pikseli mbili na nusu. Nusu ya pikseli haipo. Ukimsogeza mbili mbili, hatua yake itakuwa sentimita 58, naye ataonekana kama mtu aliyefungwa pingu za miguu. Ukimsogeza tatu tatu atafikisha sentimita 87, akitanua miguu kama anayeruka mtaro. Mchoraji hodari humsogeza mbili, kisha tatu, kisha mbili, kisha tatu, na kuurudisha wayo ulio chini kwa kiasi hicho hicho.

Kwa maana kanuni ni hii: wayo uliokwisha kanyaga ardhi hauna ruhusa ya kusogea mpaka uinuke. Ikiwa mchoraji anaurudisha wayo nyuma pikseli mbili na mwandishi wa programu anampeleka mtu mbele pikseli tatu, mtu huyo atateleza kama aliyekanyaga sabuni. Kosa hili ni la kawaida mno, hata katika michezo iliyouzwa kwa fedha nyingi, na mara nyingi hutokana na mchoraji na mwandishi wa programu kutokukaa meza moja.

Kuna hila nyingine ambayo askari atainasa mara moja. Ili wasichore mara mbili, watengenezaji huchora mtu anayeelekea kulia, kisha kompyuta humgeuza kama katika kioo anapoelekea kushoto. Mwenye bunduki begani hubadilisha bega bila kupewa amri. Katika mchezo wa Street Fighter II wa mwaka 1991, mpiganaji aitwaye Sagat mwenye kitambaa juu ya jicho moja bovu huwa na ubovu wa jicho jingine kila anapogeuka upande wa pili.

Mpaka hapa tumesema juu ya wale wanaochora kutoka kichwani. Iko njia nyingine, ya kuufuata mwendo wa mtu halisi. Max Fleischer wa Marekani aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1915, na akaipata mwaka 1917: filamu ya mtu hai humulikwa chini ya kioo, picha baada ya picha, na mchoraji hufuatisha kwa kalamu. Mtu wake wa kwanza alikuwa ndugu yake Dave, aliyevaa nguo za mchekeshaji.

Miaka 70 baada ya ombi lile, kijana mwingine wa Marekani naye alimwita ndugu yake. Jordan Mechner alimaliza masomo Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1985. Alikuwa tayari ametoa mchezo wa Karateka, ambao mapigo yake aliyafuatisha kutoka filamu ndogo za mwalimu wake wa karate. Sasa alitaka mtu atakayekimbia, kuruka, kuning'inia na kuanguka kama mtu mwenye mwili unaoweza kuumia. Alimvisha mdogo wake David nguo nyeupe, akampeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari, akamwamuru akimbie na kuruka mbele ya kamera ya video.

Kazi iliyofuata yastahili kusimuliwa, maana leo simu ya mkononi ingeifanya kwa dakika chache. Aliisimamisha video picha baada ya picha, akaipiga televisheni yenyewe kwa kamera ya kawaida, akapeleka filamu isafishwe. Picha alizoletewa alizipanga kwa mfuatano, akazipaka wino mweusi kuzunguka mwili wa David na rangi nyeupe ndani yake, hata kikabaki kivuli safi. Akazitoa nakala kwa mashine, ndipo akaziingiza katika kompyuta yake ya Apple II na kusafisha pikseli moja moja kwa mkono. Kwa mapigano ya panga hakuwa na mwalimu, hivyo alifuatisha sekunde chache za filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, ambamo Errol Flynn na Basil Rathbone wanapigana wakionekana ubavuni.

Mchezo huo ulikuwa Prince of Persia. Matatizo yalikuja pale alipogundua kwamba mwendo mzuri una gharama. Picha zote zile zilijaza kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba picha moja ya kawaida ya simu ya leo isingeingia. Wenzake walimwambia mchezo haukosi ila adui, naye akajibu kwamba nafasi ya kuchora adui haipo. Ndipo akapata hila. Alimchukua mwana wa mfalme yule yule, akamweka juu ya nafsi yake akiwa amesogezwa pikseli moja, na kuagiza kompyuta ifute kila mahali rangi zinapolingana. Likabaki umbo la kung'aa lenye mwendo ule ule wa David, bila kuongeza picha hata moja. Huyo akawa Kivuli, anayetoka katika kioo na kumwandama mwenyewe. Baadaye Mechner alibana hapa na pale, askari walinzi nao wakapata nafasi.

Wako waliolalamika, na hawakukosa hoja. Mario hugeuka mara kidole kinapobonyeza. Mwana wa mfalme humaliza kwanza hatua aliyoianza, na mchezaji mwenye papara huishia kwenye misumari. Sisi twaona kwamba hiyo ni haki ya mwendo wa kweli. Hata askari akiamriwa asimame hasimami pale pale kama nguzo. Zipo hatua za kumalizia.

Mchezo ulitoka mwaka 1989, miaka minne tangu siku ile ya uwanja wa magari, ukiwa umeandikiwa kompyuta ambayo wanunuzi walikuwa wameanza kuiacha. Mauzo ya kwanza yalikuwa hafifu. Ulipohamishiwa mashine nyingine ndipo ukasambaa nchi nyingi. Programu yenyewe ilidhaniwa imepotea, mpaka mwaka 2012 baba yake Mechner, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa mchezo huo, alipokuta diski za zamani kabatini. Wataalamu wakazisoma bila kuziharibu, na Mechner akaitoa programu bure kwa yeyote apendaye kujifunza.